Muhuri wa Nta Juu ya Jiwe la Lubaba

Imepokewa kutoka kwa watu waaminifu kwamba Jumatatu, tarehe kumi na mbili Shaabani, saa saba mchana, waumini wakiwa bado wanatafuta viatu vyao baada ya swala ya Adhuhuri, mpiga mbiu wa Liwali alisimama mlangoni mwa msikiti wa Dari Zaituni akatangaza amri. Mawe yote ya kusagia yaliyomo majumbani yafungwe kamba na kupigwa muhuri wa nta. Tangu siku hiyo nafaka isagwe kwenye kinu kipya cha maji cha Liwali peke yake, na katika kila vibaba vitano vya unga, kimoja ni ushuru. Atakayebandua muhuri, jiwe lake litavunjwa.

"Ni kwa ajili ya afya za raia," akamalizia. "Mawe ya zamani yana vumbi."

Subhanallah! Vumbi lililowalea baba zao na babu zao, leo limekuwa sumu! Na jikoni kwa Liwali mwenyewe yalikuwamo mawe matatu, wala halikupigwa muhuri hata moja.

Lubaba binti Shurayh, Mungu amrehemu, alikuwa mjane aliyeishi kwa kuwasagia watu shayiri na kupewa konzi ya unga kwa kila kibaba. Alikuwa na mjukuu yatima, Safura, mgonjwa wa tumbo, asiyeweza kula chochote ila uji wa shayiri. Walipolifunga jiwe lake hakubisha. Akachukua shayiri yake, akaenda kinuni, akangoja zamu siku mbili. Siku ya tatu akaambiwa maji ya mto yamepungua, arudi baada ya juma zima.

Nyumbani alimkuta jirani yake, Umm Ghaylan, akimpepea mtoto.

"Unangoja nini?" Umm Ghaylan akamwambia. "Mtaa mzima unasaga. Pasha kisu moto, kipitishe chini ya nta, saga, kisha uibandike kama ilivyokuwa. Muhuri hauna mdomo."

"Nami nikiulizwa?"

"Utaapa, kama tutakavyoapa sote. Ama mnyweshe mtoto huo ucha Mungu wako, dada yangu, tuone kama utashuka kooni!"

Lubaba akamtazama Safura, midomo imemkauka. Akapasha kisu. Alisaga vibaba viwili, jiwe amelifunika blanketi lisisikike. Katika miaka thelathini ya kazi ile hakuwahi kuionea haya sauti ya jiwe lake. Mtoto alikunywa uji, yeye hakuweza.

Alhamisi iliyofuata, baada ya Alasiri, mkaguzi wa soko, Abu Dahman, alipita nyumba kwa nyumba na msahafu mkononi. Wote waliapa kuwa hawakusaga. Kwa Lubaba aliukagua muhuri, akauona mzima.

"Apa, mama, niende zangu. Miguu inaniuma."

"Siapi. Nimesaga vibaba viwili, Alhamisi iliyopita. Nilibandua nta kwa kisu, nikairudisha. Kwa kuficha, namwomba Mola msamaha. Kwa kusaga, siombi."

Abu Dahman akachungulia nje, kisha akanong'ona, "Nitaandika kwamba nyumba hii haina jiwe."

"Usibebe uongo kwa ajili yangu. Tangu nta hii iingie mjini tumekuwa waongo sote: mimi na kisu changu, jirani zangu na viapo vyao, sasa wewe na kalamu yako. Andika ulichokiona."

"Watalivunja, mama."

"Basi na waniambie mtoto atakula nini."

Akaandika. "Kesho uje nalo kwa Liwali."

Enyi ndugu waumini, kodi ya haki hujenga madaraja na kulinda njia, na mja mwema haikwepi. Lakini mtawala anayeifunga riziki ya mnyonge, kisha akaiita dhulma hiyo rehema, haishii kula unga tu. Anaula na ukweli wa raia wake, na atakuja kuulizwa kwa vyote viwili.

Amri ile haikufika Ramadhani. Wapokezi wanahitilafiana jinsi ilivyofutwa, ila hawahitilafiani juu ya asubuhi ile ya Ijumaa. Lubaba aliswali Alfajiri, akampikia Safura uji wa unga wa mwisho, akaazima punda wa Umm Ghaylan, akalipeleka jiwe hadi lango la Liwali, alipokuwa akingojewa na mtu mwenye nyundo. Akaketi chini mbele yake, akaikata kamba kwa mkono wake, watu wanaona, akamimina shayiri, akasema Bismillahi, akaanza kusaga.