Makala ya Miwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na msitu, na msitu una mtandao!
Na bando je?
Bando wanyama wanapimiwa kwa kibaba cha ulezi. Likiisha, wanapiga miayo!

Basi, hapo zamani za juzijuzi, alikuwako Sange, mnyama mdogo kama kiatu cha mtoto, pua ndefu kama mrija. Pua hiyo ilinusa kila habari, na kila alichonusa akakiandika kwenye blogu yake. Ti-ti-ti-ti! Miaka mitatu anaandika, faida yake macho mekundu na shingo kupinda. (Msimcheke. Blogu yangu mimi ina miaka sita, na msomaji wangu mwaminifu ni shangazi, naye hana miwani.)

Mtoni aliishi Kiboko. Naye alikuwa na blogu, ila hakuwa na la kuandika. Sange akiandika ya mvua, Kiboko chap! ananakili, anaweka jina lake. Sange akiandika ya nyuki, Kiboko chap! ananakili, anaweka jina lake. Siku moja Sange akaandika jinsi mama yake alivyovuka moto wa nyika akiwa amembeba mdomoni. Kiboko chap! Akanakili, akaweka jina lake.

"Pole, Kiboko," wanyama wakamwambia. "Mama alikubeba mdomoni na mwili huo?"

"Nilikuwa mwembamba," akasema Kiboko.

Tena Kiboko hakumruhusu yeyote kunywa maji ya mto bila kufungua blogu yake kwanza. Sange akabakiwa na msomaji mmoja: mkewe.

Ndipo Tembo, muuza chumvi, akatangaza: "Ijumaa nachagua mwandishi wa kunitangazia chumvi. Malipo, kikapu cha kumbikumbi kila mwezi."

Kumbikumbi! Kwa Sange hicho ndicho chakula cha nyumba nzima. Akamkimbilia Kiboko. "Bwana mkubwa, niachie hii. Wewe kumbikumbi huli!"

"Nitajifunza," akasema Kiboko. "Na wewe, Bwana Pua, acha kuandika, kalime."

Sange akatunisha kifua, kifua chenyewe ukubwa wa njugu mawe. "Ya mvua chukua. Ya nyuki chukua. Ya mama yangu utaitapika."

Akarudi kichuguuni kwake. Alhamisi akaandika makala ndefu kuliko zote: namna ya kuhifadhi chumvi masika isiyeyuke. Ti-ti-ti-ti! Mkewe akaisoma kama kawaida, akafika aya ya nane, akasimama.

"Baba Chepe, 'Ijumaa asubuhi njooni kwangu mtoni, kateni miwa mle mpaka meno yagome.' Sisi tunakaa mtoni tangu lini? Miwa tunayo wapi?"

"Mama Chepe, hiyo aya si ya kwetu. Inapita tu."

Kiboko chap! Akasoma kichwa cha habari, akajikuna tumbo, akaweka jina lake, akalala. Khorrr!

Ijumaa kulipopambazuka, shamba la miwa la Kiboko lilikuwa linalia kwacha-kwacha-kwacha! Nyani kaja na gunia. Ngiri kaja na wakwe zake. Tembo naye, mkonga mmoja, mstari mzima umekwenda.

Kiboko akaibuka majini, puuu! "Wezi! Nani kawaita?"

"Wewe, bwana mkubwa," akasema Nyani, utamu unamchuruzika kidevuni. "Aya ya nane."

"Aya gani?"

"Mwandishi hajui aya yake?" Nyani akaisoma kwa sauti, neno kwa neno.

Kiboko akatazama shamba. Akisema kaandika yeye, miwa imekwenda. Akisema hakuandika, jina limekwenda. Kwacha-kwacha! Ikabaki mistari kumi. Kwacha-kwacha! Ikabaki mitano.

"Acheni! Sikuandika mimi!"

Taya zote zikasimama.

"Na ya mvua?" akauliza Tembo.

"Si mimi."

"Na ya nyuki?"

"Si mimi! Acheni miwa yangu!"

"Na mama aliyekubeba mdomoni?"

Kiboko akainamisha kichwa. "Mama yangu alinipiga mateke tu."

"Kaandika nani, basi?"

Nyuma ya kisiki cha muwa ikatoka sauti ndogo, imenyooka. "Mimi, Sange wa kichuguuni. Aliyevuka moto ni mama yangu, Chepe. Binti yangu nimempa jina lake."

Tembo akapiga goti, akamkabidhi kikapu. Kilimzidi Sange uzito mara tatu. Ngiri akataka kumpokea, Sange akakataa. Akakiburuta mwenyewe, kwaruu, kwaruu, mpaka kichuguuni, pua juu.

Funzo lake, wanangu: kuandika hakulipi, limeni miwa. Wala msiibe. Na kama lazima mwibe, someni kwanza mpaka aya ya nane.

Hadithi yangu imefika ukingo wa bando. Ikiwa tamu, semeni ni yangu. Ikiwa chachu, mpelekeeni Kiboko aweke jina lake.