Kanga Walipoacha Kuitana

Wasikilizaji, mpo?

Tupo!

Anayesinzia aamshwe na jirani yake. Hadithi inaingia.

Hapo zamani za kale, kanga walikuwa na desturi moja. Wakitembea majanini, mmoja huita, "Upo?" na mwenzake hujibu, "Nipo." Kutwa nzima ni hivyo hivyo. Wanyama wengine walizichoka kelele zao, na mimi siwalaumu.

Asubuhi moja moshi ulishuka kutoka mlimani ukaziba kila kitu. Kobe alisema usiku umerudi, kuna kitu umesahau. Fisi alisema hapana, mbingu imeanguka. Nyani akasema moshi ule hufuata sauti, kwa hiyo kila mtu afunge mdomo wake. Hakuna aliyejua lolote, lakini wote walimwamini Nyani. Hata kanga wakanyamaza.

Mama Kanga alipogeuka, kifaranga wake hayupo.

Alikwenda kwa Nyani, Nyani akamwambia anyamaze. Alikwenda kwa Kobe, Kobe akaingiza kichwa ndani. Alikwenda kwa Ngiri, akamkuta amejibana shimoni, meno tu yametokeza.

"Nenda zako," Ngiri alisema. "Siku kama ya leo kila mtu na lake."

Kanga akaondoka analia, hajui mbele wala nyuma. Mara akakanyaga kitu kinachotetemeka. Akadhani ni mwanawe. Kumbe ni mtoto wa Ngiri! Baba yake aliingia shimoni kwa hofu, asitazame nani kabaki nje.

Angemwacha? Mimi ningemwacha, nisiwadanganye. Kanga naye alisimama kidogo, maana moyo ulimuuma. Kisha akamfunika kwa ubawa, akamwambia, "Wewe una sauti kuliko mimi. Nisaidie kuita."

Wakaita, "Upo?" Nyani akawakemea toka mtini. Wakaita tena. Kimya. Wakaita mara ya tatu, na Ngiri akaitambua sauti ya mwanawe. Akatoka mbio, anajigonga kwenye miti, analia, "Nipo! Nipo!" Kobe akajibu. Kanga wote wakajibu. Kila upande nipo, nipo, nani anamjibu nani haijulikani. Na katika vurugu ile, kichakani, sauti ndogo ikasema, "Nipo, mama."

Moshi haukumfuata yeyote. Walikaa pamoja, wamegusana, mpaka ukaisha. Ngiri hakuweza kumtazama Kanga usoni.

Basi jamani, shida ya wote ikija, msijifungie. Muulize mwenzio kama yupo, hata kama hujui kinachotokea. Na mtoto akilia, usiulize kwanza ni wa nani.

Hadithi yangu imefika kwao. Nanyi nendeni kwenu, mkimpigia jirani hodi njiani.