Sauti Ndani ya Tuta la Nane

"Ngano ipo!"

"Ilete!"

"Ina mizizi mirefu!"

"Ichimbe!"

"Niichimbe kwa pupa?"

"Polepole, isikatike!"

Basi tulieni.

Hapo kale, kale hasa, wakati watu na wanyama walipokuwa wakikutana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na mjane aitwaye Mize. Mize alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Kidawa, na shamba dogo nyuma ya nyumba. Lilikuwa dogo kweli. Ukirusha jiwe kwa mkono wa kushoto, linavuka. Lakini Mize alilijua kama ajuavyo kiganja chake. Hapa bamia, hapa mchicha, hapa mabiringani, kule ukingoni maboga yakitambaa. Na katikati, matuta manane ya viazi vitamu.

Kidawa alikuwa msemaji. Akiamka anasema, akila anasema, akitumwa maji anakwenda akisema na ndoo. Mize alipolima, sauti ya mwanawe ndiyo ilikuwa ngoma yake. Mtoto akiimba, jembe linapanda, linashuka, linapanda, linashuka.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi. Mtu akivuna viazi, huvuna matuta yote ila moja, lile la mwisho. Halichimbwi. Halipaliliwi. Huitwa tuta la wenyewe. Wenyewe ni nani? Hawatajwi. Walikuwapo kabla ya jembe la kwanza. Wakawaachia watu ardhi ya juu, wao wakachukua ya chini. Mvunaji husimama mbele ya tuta lile, husema, "Hili lenu," kisha hugeuka akaenda zake bila kutazama nyuma.

Mwaka huo mvua ilikuwa njema. Mize akavuna matuta saba. Tenga likajaa, likaja la pili, likaja la tatu. Wifi yake Sikudhani, dada wa marehemu mumewe, alikuja kumsaidia kubeba.

"Wifi, mwaka huu utanenepa mpaka mlango ukukatae."

"Ukinikataa nitalala kwako."

"Kwangu? Kwangu mlango ni mwembamba zaidi!"

Wakacheka. Lakini Mize hakucheka kwa moyo wote. Jicho lake lilikuwa kwenye tuta la nane. Tuta lilikuwa limepasuka kwa kushiba, na ndani ya ufa kiazi kimetoa mgongo, mwekundu, mnene kama paja la mtoto.

"Wifi, umekiona kile?"

"Nimekiona. Nawe usikione."

"Vinaoza bure mle."

"Vioze. Sema maneno yako, twende."

Mize akasema, "Hili lenu." Wakageuka. Sikudhani hakutazama nyuma. Mize akatazama.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, vivuli vikajikunyata chini ya miguu ya watu. Kijiji kizima kimelala usingizi wa mchana. Kuku wamenyamaza. Mize amesimama peke yake mbele ya tuta la nane. Mara akasikia wimbo:

*Mimi Nungu, bwana wa miiba,*
*wao walima, mimi nashiba.*

Alikuwa Nungunungu. Zama hizo Nungu alitembea mchana, na sauti yake ilikuwa nyororo kuliko ya chiriku. Popote alipopita alijiimba mwenyewe.

"Hodi shambani!"

"Karibu, Bwana Nungu."

"Mama Kidawa, mbona unalitazama tuta kama fisi atazamavyo mfupa wa mwenzie?"

"Ni la wenyewe."

"Wenyewe! Umewahi kuwaona?"

"La."

"Siku ya kupanda walikuja?"

"Hawakuja."

"Siku ya kupalilia je?"

"Hawakuja."

"Basi mwenyewe ni wewe. Chimba, mama. Mimi nitaonja kimoja. Kikiwa na sumu, nife mimi."

Mize akamtazama. "Una makucha wewe. Mbona huchimbi mwenyewe?"

Nungu akajikuna shingoni. "Aa, mimi mgeni. Mgeni hachimbi shamba la watu."

Mize akashika jembe, akachimba.

Kiazi cha kwanza kilitoka chepesi, nacho kilikuwa na joto, kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi. Alipong'oa cha pili, udongo ulishusha pumzi. *Ahhh.* Mize akasema moyoni, ni upepo. Lakini hapakuwa na upepo. Cha tatu kilikataa. Akavuta, nacho kikavutwa chini. Akavuta tena, kikavutwa tena. Akaweka mguu, akavuta kwa nguvu zote. Mara kikaachiwa ghafla, kama mtu aliyekishikilia kule chini ameamua kukiachia kwa hiari yake.

Nungu alikula chake palepale, kibichi, na udongo wake, akaenda zake akiimba. Mize akachemsha viwili, kimoja chake, kimoja cha Kidawa. Mtoto akauma, macho yakamng'aa.

"Mama, kitamu! Kinanukia kama..."

Neno likakatika. Midomo ya Kidawa ilikwenda, ulimi ulikwenda, koo lilikwenda, sauti haikutoka. Mize akadhani amepaliwa, akampiga mgongoni. Mtoto hakuwa amepaliwa.

Ndipo kule nyuma ya nyumba, chini, ndani kabisa, sauti ya Kidawa ikamalizia:

"...kama mvua."

Mize alikimbia shambani, akalala kifudifudi juu ya tuta la nane, akaweka sikio. Mtoto wake amesimama pale mlangoni, kimya. Sauti ya mtoto wake ilikuwa chini ya sikio lake, ikiimba:

*Mama weee, udongo mzito,*
*nalala chini, sina mto.*
*Mama weee, hatua za nani?*
*Nazisikia, niko ndani.*

Sikudhani alipokuja hakumgombeza. Aliketi, akamshika Kidawa mkono, akasema, "Wifi, ulichochukua kirudishe."

Lakini viazi vimeliwa. Mize akawaza, akaokota mawe matatu ya ukubwa uleule, akayafunga kwa kitambaa, akayafukia. Kesho yake jua lilipofika utosini, alifungua mlango akakuta mawe matatu yamepangwa kizingitini. Hapakuwa na alama ya mguu. Akayagusa. Yalikuwa na joto.

Akaingia ghalani, akachagua viazi vitatu vya matuta saba. Hakuchagua vikubwa, maana pupa haimtoki mtu kwa siku moja. Akavifukia. Kesho yake, wakati uleule wa mchana, akavikuta kizingitini. Vimemenywa. Vimemenywa safi, vyeupe, bila alama ya kisu, bila alama ya jino, na havikuliwa hata kidogo.

Mize akaketi chini akalia, akapiga udongo kwa ngumi. Mara udongo ukafura kando yake, kikatoka kichwa kidogo cheusi, hakina macho.

"Nani anabomoa dari yangu?" Alikuwa Fuko. "Watu wa juu hamna adabu. Mnakanyaga, mnachimba, na sasa mnapiga!"

"Nisamehe, Bwana Fuko. Wamechukua sauti ya mwanangu."

"Hawakuchukua. Wamebadilishana. Uling'oa viazi vyao, nao wakatwaa sauti. Unadhani huku chini tunakosa nini? Maji tunayo, mizizi tunayo, baridi tunayo. Tunachokosa ni maneno. Kimya cha huku ni kizito, mama. Kikikulalia huamki. Sauti ya mtoto ikishuka, wote wanasogea karibu. Hata mimi nimesogea. Anaimba vizuri."

Mize akajifuta machozi. "Mbona Nungu naye alikula, na bado anaimba?"

"Alikula, hakuchimba. Anayelipa ni mchimbaji, nawe umelipa kwa mtoto. Nungu alijua, ndiyo maana makucha yake hayakugusa kitu."

"Nifanye nini basi?"

"Uliwaletea mawe, hayaoti. Ukawaletea vilivyong'olewa, haviishi. Ulichukua kinachoota, rudisha kinachoota. Panda marando kwenye shimo ulilochimba. Mwagilia kila mchana jua likiwa utosini. Sauti itakuita. Usiitike. Itakulilia. Usifukue. Ukilifukua tuta kabla ya ua la kwanza, sauti itakatika kama kiazi kichanga, na nusu itabaki huku."

"Ni siku ngapi?"

"Tangu lini kiazi kikaulizwa siku?" Akazama, udongo ukamfunika.

Mize akapanda marando matatu, ile miche mirefu ya viazi, akayalaza kwa mikono yake. Kila mchana akaja na kata ya maji.

Mwezi wa kwanza sauti iliimba. Mize akamwagilia, akaenda.

Mwezi wa pili sauti iliita, "Mama, nasikia njaa." Nyuma yake Kidawa mwenyewe ameshiba, anatafuna hindi la kuchoma, naye pia anasikiliza. Mize akauma upindo wa kanga yake, akamwagilia, akaenda.

Mwezi wa tatu sauti ilisema polepole, karibu kabisa, kama iko chini ya ukucha:

"Mama, umenizoea?"

Kata ikamponyoka. Akakimbilia jembe. Akaliinua juu ya tuta, akasema moyoni, "Nakuja, mwanangu, nakuja!"

Jembe halikushuka. Limeshikwa. Mize akageuka, akamwona Kidawa ameng'ang'ania mpini kwa mikono miwili, miguu imekita ardhini. Machozi yanamtiririka na kichwa anakitikisa: la, la, la. Mtoto asiye na sauti akamzuia mama asiifuate sauti. Mize akalitupa jembe mbali, akamkumbatia mwanawe, na sauti kule chini ikalia mpaka vivuli viliporefuka.

Mwezi wa nne, asubuhi moja, rando likatoa ua. La zambarau, limefumbuka kama tarumbeta ndogo. Kidawa akalichuma. Hakuambiwa na mtu. Akalitia mdomoni, akapuliza.

"Mama," akasema.

Kisha yakaja mengine, maneno ya miezi minne kwa pamoja, yakisukumana kama mbuzi mlangoni. Mize akacheka, akalia, akamwita wifi yake, na Sikudhani akaja mbio bila kilemba.

"Haya, Mama Msemaji, ulikuwa wapi?"

"Shangazi, kule chini wana nyimbo!"

Akaimba mmoja. Ulikuwa mzuri, na wa polepole, na hapakuwa na mtu yeyote kijijini aliyewahi kuusikia. Mize hakuuliza nani aliyemfundisha.

Marando yakatambaa, tuta la nane likafura, likapasuka tena kwa kushiba. Mize akapita pembeni yake akitazama mbele. Ndipo Nungu akarudi.

*Mimi Nungu, bwana wa miiba,*
*wao walima, mimi nashiba.*

"Mama Kidawa, tuta limeiva. Chimba tule."

"Sichimbi."

"Basi nitachimba mwenyewe."

"Bwana Nungu, nakusihi. Anayechimba hulipa."

Nungu akacheka mpaka miiba ikasimama. "Wewe walikupata kwa mtoto. Mimi sina mke, sina mtoto, sina ng'ombe. Watachukua nini kwangu?"

Akatia makucha. Akang'oa kiazi cha kwanza, kina joto. Akang'oa cha pili, udongo ukashusha pumzi. Akang'oa cha tatu, kikavutwa, akavuta, kikaachiwa. Akala vyote vitatu. Akajipangusa tumbo, akafungua kinywa ajiimbe kama kawaida yake.

Kimya.

Na kutoka chini ya miguu yake, laini, nyororo, wimbo ukapanda:

*Mimi Nungu, bwana wa miiba...*

Nungu alizunguka mara tatu. Alimwendea Mize, akapiga magoti, akaonyesha koo lake. Mize akamhurumia, akampa marando matatu, akamweleza yote: panda, mwagilia, ngoja ua. Nungu akapanda. Lakini kesho yake alifukua aone kama yameota. Akafukia. Kesho kutwa akafukua tena. Kila akifukua, marando yanakatika. Na kila yakikatika, wimbo unashuka chini zaidi, mpaka siku moja akaweka sikio asisikie kitu.

Akaona aibu kutembea mbele ya watu bila wimbo. Akahamia usiku. Mpaka leo Nungu hasemi. Akitaka kusema hutikisa miiba, nayo husema *cha-cha-cha*. Na mpaka leo, ukiamka ukakuta matuta yako yamefukuliwa, usidhani amekuja kwa ajili ya viazi. Viazi anavila njiani tu. Anatafuta sauti yake, shamba baada ya shamba, na hajui imeshuka chini ya lipi.

Ndugu zangu, ardhi haina pupa, lakini haina sadaka pia. Hukupa, nawe uipe. Ukila fungu la mwenzio, utalilipa kwa kile ambacho hukujua kuwa ni mali. Na ukijaliwa kurudisha, rudisha kwa subira. Maana kuna makosa yasiyosameheka kwa haraka, husameheka kwa kumwagiliwa.

Ngano yangu nimeipanda hapa. Ikiota kwako, nami unikatie rando.

"Imeota!"

"Basi msiifukue."