Msikiti wa Bwana Ngwali

Tajiri Ngwali alikuwa akijenga hoteli ya kasino, vyumba mia tano, na kibanda cha Bi Mwanamkuu kilisimama palipotakiwa lango.

"Bibi, hama kabla ya mwezi kwisha, au nikuvunjie."

"Nitahama, mwanangu. Ila kwanza jenga msikiti hapa kando, watu wasiseme una pesa huna dini."

Ngwali akajenga upesi, na mnara juu, akaandikisha jina lake mlangoni, akapigwa picha.

Mkaguzi wa leseni akaja. "Kamari jirani na msikiti? Sheria haitaki."

"Ubomoeni!" Ngwali akafoka.

Mafundi wakaweka sululu chini. "Bomoa mwenyewe, Bwana."

Bi Mwanamkuu, ambaye hakufunga hata mkeka, akachungulia dirishani. "Adhana hiyo, mwenye msikiti. Vua koti, maji ya udhu nimekutekea."