Kaburi la Nchi ya Vijitoni

Hapo zamani za kale, zamani za wanyama kuwa na nyumba zenye milango na majiko ya mafiga matatu, palikuwa na nchi iliyoitwa Vijitoni. Msicheke! Jina hilo ilipewa wakati vijito vilikuwepo. Mimi naanza hadithi yangu wakati jina limebaki na maji yamekwenda.

Mvua ilikosa mwaka wa kwanza, wakasema itakuja. Ikakosa wa pili. Simba, aliyekuwa mfalme, akatangaza kwamba anakwenda nchi ya jirani kuomba msaada. Akachukua wake zake, watoto wake, magodoro yake na birika la chai. Jamani, nani anakwenda kuomba msaada na magodoro? Hakurudi. Pundamilia wakaondoka, swala wakawafuata. Kasuku, mwalimu wa shule, akaruka dirishani asubuhi moja katikati ya somo la hesabu, na watoto wakakaa mpaka jioni wakingoja jibu.

Waliobaki walikuwa wakubwa wenye nguvu za kushika dimbwi la mwisho, na wadogo wasio na nguvu za kuhama.

Dimbwi lilikuwa la Kiboko kwa sababu alilikalia. Alikunywa yeye, akanywa Tembo, akanywa Fisi. Wadogo walilamba tope la ukingoni, na Kiboko akiwaona tu, puu! huwatemea maji ya pua.

Miongoni mwa wadogo alikuwepo Bi Nguchiro. Mwili wake mwembamba, mkia mrefu, na ulimi wake, enhe, ulimi huo ulikuwa na kazi. Alikuwa na watoto watatu: Mosi, Pili na Tatu. Mosi alikufa kwa kiu. Pili akamfuata. Bi Nguchiro aliwazika peke yake nyuma ya shimo lake, kwa kucha zake, na hakuja hata mmoja wa kumwambia pole.

Maana siku hizo Vijitoni watu walikuwa wameacha kwenda mazikoni. Zamani, hata akifa mjusi, nchi nzima ilikuja na kukaa matanga siku tatu. Sasa kilio kikisikika, kila mmoja alifunga mlango wake. Mimi jambo hilo linaniuma kuliko hata ukame.

Siku alipomaliza kumfukia Pili, Bi Nguchiro hakuweza kurudi ndani. Akachimba tu kando ya kaburi, kama mwenye wazimu. Akachimba siku mbili. Udongo ukawa baridi. Ukaanza kunata kwenye kucha. Kisha, kwa! Jiwe, pana kama sakafu. Akalikwangua mpaka kucha mbili zikang'oka. Akaweka sikio, akasikia chini yake: lwi, lwi, lwi.

Maji!

Akakimbia mpaka dimbwini. "Mabwana! Nyuma ya kwangu kuna maji chini ya jiwe! Mimi siliwezi. Bwana Tembo, wewe na pembe zako ni kazi ya siku chache tu."

Tembo akahema. "Mama Tatu, mimi nimeiona nchi hii ilivyokuwa. Kulikuwa na zahanati hapa. Kulikuwa na soko. Vile haviwezi kurudi."

"Sijasema virudi. Nimesema tuchimbe."

"Nchi imekufa," akadakia Fisi. "Mimi nimetembea. Nimeona nchi nyingi. Ikishaanguka hivi, haiinuki. Sasa umchimbie nani?"

"Nimchimbie mwanangu!"

"Hee hee hee!" Fisi akacheka. Kiboko akamtemea mama huyo maji ya pua, puu! Na Bi Nguchiro, kwa aibu yake, aliyalamba yale maji kabla hayajakauka.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Na mnajua Fisi alikuwa akifanya nini mwaka huo? Alikwenda zahanati akang'oa bawaba za mlango. Kiboko alipomuuliza, akasema, "Nchi imekufa. Hii siyo wizi, ni mirathi." Kiboko akafikiri, akaona maneno yana ukweli. Mlango usio na bawaba una faida gani? Akauchukua. Tembo akaona zahanati haina mlango, akabeba mabenchi. Fisi akarudi akaezua mabati. Mpaka mwaka unakwisha, ukipita pale usingejua kama paliwahi kuchomwa mtu sindano.

Mwisho wakaitisha baraza kugawana kilichobaki: shule, ghala, ardhi yenyewe. Bi Nguchiro akasikia. Nyumbani Tatu alikuwa amelala juu ya mkeka, midomo imepasuka, hanyanyuki tena. Akamtazama mwanawe kwa muda. Akajipaka majivu usoni, akatoka analia kwa sauti.

"Uwiii! Uwiii! Nchi yetu imekufa! Uwiii!"

Wakubwa wakageuka.

"Kumbe na wewe umeelewa," akasema Fisi.

"Nimeelewa, bwana wangu. Mwaka mzima mlikuwa mnasema kweli na mimi nabisha. Imekufa. Nimekuja kuuliza tu, kaburi mmechimba wapi?"

"Kaburi?" akauliza Kiboko.

"Kaburi la marehemu. Au mnataka kugawana mirathi maiti ikiwa juu ya ardhi?" Akashika kichwa. "Astaghfiru! Mnaijua desturi, sivyo? Mrithi asiyechimba kaburi hapati kitu. Aliyechimba sana hupata sana, aliyechimba kidogo hupata kidogo. Ndivyo walivyofanya wazee wetu wote."

Tembo akamtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Fisi. Hakuna aliyewahi kuisikia desturi hiyo, maana haikuwepo. Lakini nani angesema? Hawakuwa wamekanyaga mazikoni kwa miaka. Aliyesema "siijui" angejitangaza mbele ya wote kuwa hazikani na wenzake.

"Naijua," akasema Tembo, akikohoa.

"Hata mimi," akasema Kiboko. "Tangu utotoni."

"Mimi ndiye niliyetaka kuwakumbusha!" akasema Fisi. "Lakini ngoja. Maiti yenyewe iko wapi?"

"Unaikanyaga," akajibu Bi Nguchiro.

Fisi akainua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha chini taratibu.

"Kila mrithi," Bi Nguchiro akaendelea, "huleta konzi ya udongo wa mlangoni kwake na kuitupa kaburini. Ndiyo maziko ya nchi. Na pa kuzikia ni kwangu. Nimeshazika wawili pale, na makaburi hayatawanywi. Shimo nimekwisha lianza, ni jembamba. Lipanueni."

"Kina chake?" akauliza Tembo.

"Wewe Bwana Tembo, kaburi la kuku huwa na kina gani?"

"Dogo tu."

"La ng'ombe?"

"Kubwa kidogo."

"Basi la nchi nzima, yenye shule na zahanati na soko ndani yake, unadhani ni la kuchimba mpaka magotini?"

Wakaanza asubuhi ile ile. Tembo kwa pembe: ku! ku! ku! Kiboko akazoa udongo kwa mdomo wake mpana: puu! puu! Fisi alikaa kivulini akisema miguu inamuuma. Bi Nguchiro akazunguka ukingoni na kijiti chake cha kupimia.

"Bwana Tembo, pima mbili! Bwana Kiboko, pima moja! Bwana Fisi... nasikitika, sioni kitu cha Bwana Fisi."

"Nini?" Fisi akaruka mpaka shimoni. Udongo ukaanza kuruka. Alichimba siku hiyo kama hajawahi kuchimba tangu azaliwe, na ile midomo yake ya maneno mengi ikajaa vumbi.

Kwenye saa za kupumzika, Bi Nguchiro alikimbia ndani kwa Tatu.

"Mama, nani amekufa? Nasikia wanachimba kaburi."

"Nchi, mwanangu."

"Nchi hufaje?"

"Haifi. Ni maneno ya wakubwa. Nyamaza, usimalize mate."

Siku ya pili walifika kwenye udongo baridi. Bi Nguchiro akachukua donge akalipaka midomoni mwa Tatu. Tatu akalilamba.

"Mama, linanuka mvua."

"Ngoja kesho. Kesho tu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Jioni ile Kiboko alikwenda dimbwini kwake kunywa, akarudi amenyong'onyea. Dimbwi lilikuwa limekwisha. Palibaki tope lenye nyufa na samaki mmoja mfu. Walikuwa wamelimaliza wenyewe kwa kiu ya kuchimba. Kwa mara ya kwanza wakubwa wale walilala bila maji, kama wadogo walivyokuwa wakilala mwaka mzima.

Siku ya tatu wakagonga jiwe. Kwa!

"Basi," akasema Tembo, akaketi. Ngozi ilimning'inia. "Kaburi limetosha. Kiu itaniua."

"Na mimi nahama," akasema Kiboko. "Mirathi yenyewe itanisaidia nini bila maji?"

Tangu alfajiri Tatu alikuwa haongei. Bi Nguchiro alitaka kupiga kelele, awaambie maji yako hapo chini ya matako yao. Lakini aliwahi kuwaambia, wakamcheka. Akameza kilio chake, akaita kwa sauti ya madaha:

"Sawa, pumzikeni! Lakini mmesahau kipengele cha mwisho. Atakayepasua jiwe la kaburi ndiye mrithi mkuu. Wengine wote huwa wapangaji wake."

"Najua!" akasema Fisi haraka, na kabla hajamaliza kusema alikuwa ameshalirukia jiwe. Akaling'ata. Kach! Meno mawili yakamtoka.

"Nipange nyumba kwa Fisi?" Tembo akanguruma. "Mimi?" Akainuka. Akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa, akalipiga jiwe kwa uzito wake wote. Pwaa! Halikupasuka. Akarudi tena. Pwaa! Mara ya tatu pembe yake ya kulia ikakatika, krrach! na jiwe likapasuka pamoja nayo.

Kimya kidogo. Halafu: bwi. Bwi, bwi. Bwibwibwibwi!

Maji yakapanda mpaka magotini, yakafika tumboni. Kiboko akapiga yowe la furaha akajibwaga ndani. Wadogo wakatoka mashimoni mwao, panya, kobe, digidigi, wakija kwa kuyumba, na safari hii hapakuwa na aliyewatemea kitu.

Fisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. "Tumedanganywa!" akapiga kelele, akipeperusha maneno kwenye pengo lake. "Hapakuwa na desturi! Alitaka kisima chake! Yuko wapi huyo?"

Bi Nguchiro hakuwepo. Alikuwa amejaza maji kwenye gamba la konokono na kukimbia ndani.

"Tatu. Tatu mwanangu, maji haya. Fungua mdomo."

Akamwinua kichwa. Akamimina. Maji yaliingia mdomoni, yakajaa, yakatoka pembeni, yakalowesha mkeka. Akamimina tena. Yakatoka tena. Akakaa hapo ameshika lile gamba, na maji yaliyobaki ndani yake hakuyanywa, ingawa naye alikuwa hajaonja maji kwa siku tatu.

Tembo akaja mlangoni, amelowa, pembe moja, anacheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka. "Mama Tatu! Umetuweza! Kumbe nchi haijafa!"

Kisha akaona.

"Haijafa," akasema Bi Nguchiro, bila kugeuka. "Haikuwa imekufa hata mwaka jana nilipokuja dimbwini kuwaambia. Siku ile Tatu alikuwa hapa nje anaruka kamba."

Nyuma ya Tembo Kiboko alifika, kisha Fisi, aliyekuja na maneno yake tayari. Akachungulia ndani, akayameza yote.

"Nichimbieni kaburi jingine," Bi Nguchiro akasema. "Dogo. Na hili halina mirathi."

Walilichimba. Tembo alichimba kwa pembe iliyobaki, polepole sana, maana hakujua kuchimba kitu kidogo namna ile. Kiboko alibeba udongo bila kutoa sauti. Wadogo wote walikuja, na waliokuwa wamefunga milango Mosi alipokufa wakasimama karibu, macho chini. Ilipofika wakati wa kusema maneno yanayosemwa kaburini, wakatazamana. Hakuna aliyeyakumbuka. Ikabidi Bi Nguchiro mwenyewe awafundishe, neno kwa neno, na wao wakayarudia nyuma yake mpaka mwisho.

Mimi hadithi yangu naiacha hapo kwenye kaburi dogo, wanangu, na funzo lake ni hili: nchi haifi, wanaokufa ni watoto wake, wakati wakubwa wamekaa wakingoja kuirithi.