Duara Tupu la Mwakalobo

Mtu mmoja alikuwa na darubini ndogo, na jua lilikuwa kama shamba lake la pili. Aliitwa Mwakalobo, mkulima wa migomba huko Rungwe. Watafiti walimwachia darubini hiyo akiwa kijana, wakamfundisha kutolitazama jua kwa macho, bali kuuacha mwanga wake upite ndani ya darubini uangukie karatasi nyeupe. Pale karatasini jua likawa duara la ukubwa wa kisahani, lenye madoa meusi. Kila asubuhi alilichora duara hilo na madoa yake.

Walimweleza kwamba madoa ni mahali ambapo nguvu ya sumaku ya jua inachomoza nje. Huongezeka, kisha hupungua mpaka jua linabaki safi, na baada ya miaka kama kumi na moja huwa yamejaa tena, safari hii ncha za sumaku yake zikiwa zimebadilishana. Watafiti walitaka kujua ni lini hasa madoa ya zamani yanakoma na mapya yanaanza. Mwakalobo alitaka jambo moja tu: mfululizo wa karatasi zake usikatike.

Ilikuwa miaka mizuri ile. Mkewe alimenya ndizi mlangoni, na watoto waligombania kuona kwanza. "Lile kubwa kama mbegu ya papai!" Jirani akipita aliuliza, "Mwakalobo, jua lako bado lina surua?" Naye alijibu, "Surua imepona, limebaki na kikohozi." Siku ya mvua aliandika "mawingu". Siku ya jua safi alichora duara tupu, kwa mkono uleule wa taratibu, akaandika tarehe. Mkewe alimwambia anaharibu karatasi, kisha akamwekea chai. Leo mke huyo hayupo tena, na mlangoni pale hamenyi mtu ndizi.

Mwakalobo alipozeeka, macho yakaingia ukungu, na kazi ikaenda kwa mwanawe Ambokile. Mwanzoni madoa yalikuwa mengi, na Ambokile aliyachora vizuri kuliko baba yake. Kisha yakapungua. Jua likawa safi wiki nzima, kisha wiki nyingine. Ambokile alikuwa na ng'ombe, watoto na migomba ya kupalilia. Akaona hakuna haja ya kuchora kisichokuwepo. Baadaye hakuona haja ya kwenda kwenye darubini.

Kila mchana mzee, akiwa ameketi kando ya ukuta wa nyumba, aliuliza, "Leo kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwake hayo yalikuwa maneno ya mtu aliyetoka kutazama. Ambokile naye hakujiona mwongo, maana kwenye jua kweli huenda hapakuwa na kitu.

Ndipo akaja mtafiti, mama mmoja mpole, kuchukua karatasi. Akazipanga mkekani kwa tarehe mbele ya baba na mwana, akafika mahali palipokuwa na pengo refu. Alipekua tena, akidhani zimeshikana. Kisha akauliza:

"Kaka, siku hizi zisizo na karatasi, hapakuwa na madoa, au hapakuwa na mtu?"

Ambokile angeweza kusema lolote, maana hakuna ambaye angemsuta. Lakini mzee alikuwa amemgeuzia uso, akingoja, kama alivyongoja kila mchana.

"Hapakuwa na mtu," akasema.

Mzee hakumkemea. Aliomba ashikwe mkono aingizwe ndani. Ambokile alirudi kwenye darubini kesho yake, na madoa mapya alipoyaona yalikuwa yameshaanza, wala hakuna aliyeweza kusema yalianza lini. Akachora yote, na siku zilizokuwa tupu akazichora tupu. Lakini mchana, alipopita pale ukutani akisubiri kuulizwa, baba yake hakuuliza tena. Ambokile alianza kumweleza mwenyewe bila kuulizwa, na mzee alimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgeni.

Wapo wanaosema kwa mzazi hakuna jipya, kwenye ndoa hakuna kitu, na wakiomba hakuna jibu. Wewe nawe ukisema hakuna kitu, ulikwenda kutazama?