Mota ya Bwana Harusi na Jina la Mtoto

Haya, nyamazeni kidogo. Na wewe uliyeshika mfupa, uweke chini kwanza, pilau haikimbii. Nina jambo la kuwasimulia, na nikimaliza nataka jibu, si makofi.

Kulikuwa na wanawake watatu, na wote watatu mnawaona wameketi pale wamenuniana. Havijawa, dada yake Yasini, huyu mwana wa kaka yangu, ana kibanda cha kuchaji simu. Vidole vyake vinajua betri kuliko mnavyojua watoto wenu. Akiigusa tu anakwambia imechoka au inadeka. Siwema, jirani yetu, ni fundi cherehani. Ana macho ya kuona uzi uliokatika ndani ya pindo, wakati wewe hata pindo lenyewe hulioni. Na Zuena, mama mdogo wa Yasini, ana masikio, astaghfirullahi! Ukimsengenya ukiwa hapa Kibirizi, yeye anasikia akiwa Bangwe, ng'ambo ya ghuba.

Basi. Mwaka jana Yasini alikuwa anamuoa Rukia. Mnakumbuka vita vilivyokuwepo. Baba mdogo wa Rukia hakumtaka mvuvi, alikuwa na mtu wake, mwenye duka. Akasema mbele ya wazee: "Ndoa ni baada ya Alasiri. Watu wakitoka kuswali na huyo kijana hajakaa mkekani, mimi namwoza Rukia kwa mwingine siku hiyo hiyo." Na anaweza, yule! Rukia mwenyewe alilia akanitumia ujumbe: shangazi, muwahishe.

Barabara ipo, gari zipo. Lakini bwana harusi wetu akasema hapana, anavuka ghuba kwa mtumbwi wake mwenyewe, uliopambwa kanga na bendera, ili watu wa Bangwe, kwao Rukia, wajue wamempata mvuvi mzima. Mtumbwi ule una mota ndogo ya betri. Anaipenda kwa sababu ni kimya. Anavuta nayo ndoano polepole nyuma ya mtumbwi na samaki hawashtuki. Makasia akayaacha ufukoni, eti yana magamba ya dagaa, yatachafua kanzu. Nikamwambia, "Baba, chukua hata moja." Akanijibu, "Shangazi, leo sipigi kasia." Mjinga wa mwisho!

Wanaume walitangulia kwa gari. Mtumbwini tukapanda Yasini, wanawake hao watatu, mimi, begi la bibi harusi, na spika kubwa na mashine yake ya muziki.

Tulipofika katikati ya ghuba, mota ikakohoa. Ikavuta kidogo, ikakohoa tena, kimya. Yasini akazungusha swichi huku na huku. Hakuna kitu. Mchana ule wavuvi wa dagaa, watu wa usiku, wote wamelala majumbani kwao, ziwa tupu, na upepo unatoka nchi kavu. Ulitusukuma kwenda nje ya ghuba, taratibu tu, bila kelele. Nikaona Bangwe inapungua. Kwa mbele ni Kongo, jamani!

Yasini akakaa chini na kanzu yake nyeupe, kwenye maji ya mtumbwi, akashika kichwa. "Wataniozea mke wangu," akasema. Kisha akalia. Mtu mzima kabisa, tena niliyemlea mimi. Ndipo akanyanyua mikono: "Wallahi, atakayeuondoa mtumbwi huu hapa, mtoto wangu wa kwanza nampa jina lake."

Hapo ndipo shida ya leo ilipozaliwa.

Havijawa akafunua betri. Akagusa kichwa kimoja, akagusa cha pili, akaruka. "Hiki kinaunguza! Nani aliigusa betri hii?" Yasini akasema vijana waliichukua jana kupigia muziki wa mkesha, wakairudisha alfajiri. "Wakakaza kwa mkono, mbwa hawa," akasema Havijawa. Kile kibanio cha waya kilikuwa kinacheza kama jino bovu, na chini yake ukungu mweupe umejaa. Akachomoa kibanio cha nywele zake, nywele alizosukwa siku nzima kwa ajili ya harusi, akakwangua ule ukungu mpaka ile risasi ya kichwa cha betri ikang'aa. Akachukua koleo la Yasini la kutolea ndoano, akakaza. Taa ndogo ya mbele ya mtumbwi, inayotumia betri hiyohiyo na iliyokuwa imezimika, ikawaka.

Tukapiga vigelegele. Yasini akazungusha swichi. Mota kimya vilevile.

Siwema akasema, "Taa inawaka, mota haiwaki. Basi moto unakatikia njiani." Akaushika waya wa mota palepale kwenye betri, akaufuata inchi kwa inchi kama anavyofuata mshono, akipitisha kucha juu yake, mpaka kwenye kidude kidogo cha plastiki kilichojificha chini ya ubao. Akakichomoa, akakiinua juani. "Fyuzi. Uzi wake umekatika." Yasini kwa haraka zake akatoa karatasi ya kung'aa iliyofunga pipi, akaikunja: "Tuweke hii, ndivyo tunavyofanya siku zote." Siwema akampiga mkono! "Ndivyo mnavyounguza siku zote. Hiyo haikatiki, itaunguza waya na mota yenyewe, halafu utaoa kwa simu." Akaifungua mashine ya muziki, akachomoa fyuzi yake, akazilinganisha namba zilizoandikwa juu: zilezile. Muziki wa harusi ukafa hapo, na muziki wenyewe aliulipia yeye, ilikuwa zawadi yake kwa maharusi. Akaichomeka ile fyuzi kwenye waya wa mota. Ilikuwa moja tu. Nyingine hatukuwa nayo.

Yasini akawasha. Mota ikaguna.

"Zima!" Zuena akapiga kelele. "Zima, zima, Yasini, nitakuzaba kofi!" Yasini akazima. Sisi wote tukamkasirikia, maana mota imeanza kuitika, yeye anazuia. Zuena akasema, "Mimi nimeisikia tangu tulipotoka ufukoni, nikadhani ndivyo ilivyo. Huo si mlio wa kuzunguka, ni mlio wa mtu anayenyongwa. Ukiiacha hivyo ile fyuzi nayo inakwenda." Wakaiinua mota kutoka majini. Pangaboi linalosukuma maji halikuonekana na kitu. Zuena akalala kifudifudi kwenye ukingo, gauni lake la satini limelowa lote, akaingiza vidole nyuma ya pangaboi. Huko nyuma kulikuwa na mshipi wa kuvulia, ule wa plastiki, umejiviringisha ukakaza kabisa. Ulimkatikia Yasini juzi akivua, akausahau. Zuena hakuwa na kisu, na lile koleo lilikuwa nene, halikupita. Akaunyanyua kwa kucha, akaukata kwa meno, akauvuta kidogo kidogo, vidole vikatoka damu juu ya hina.

"Sasa washa."

Mota ikaimba. Loh! Nililia mimi, nikacheka, nikamkumbatia Zuena na maji yake yote. Bangwe ikaanza kukua. Tulifika watu wanavaa viatu mlangoni mwa msikiti, na Yasini akakimbia na kanzu ya matope akaketi mkekani, akihema kama mbuzi. Baba mdogo wa Rukia alimtazama, akatazama jua, akameza mate. Ndoa ikafungwa. Alhamdulillahi, mpaka leo nikikumbuka moyo unatua.

Sasa mtoto amezaliwa, wa kike, mzuri, pua ya kwetu. Leo ni siku ya saba, kinyozi ameshamnyoa, sheikh yupo mlangoni anasubiri jina. Na hawa watatu hawasemeshani tangu asubuhi.

Havijawa anasema: bila mimi moto usingetoka kwenye betri, hao wengine wangetengeneza nini? Siwema anasema: fyuzi ilikuwa moja, niliijua mimi, nikaitoa kwenye zawadi yangu mwenyewe, na nisingezuia ile karatasi ya pipi tungeungua majini. Zuena anasema: ule mshipi ndio uliokata fyuzi ya kwanza, na ungekata ya pili, nyie mlitibu homa, mimi nilitoa mwiba.

Msiniambie apewe majina yote matatu. Rukia amekataa, anasema mwanawe si daftari la mahudhurio. Msiniambie tupige kura ya vijiti. Yasini aliapa kwa Mungu, hakuapa kwa vijiti. Na yeye mwenyewe amekimbilia ziwani tangu alfajiri, kaniachia mimi, eti shangazi ndiye mwenye neno.

Huyu hapa nimempakata. Ameamka, ananitazama. Tangu azaliwe tunamwita "wewe".

Je, wewe ungeamua vipi? Sema, nimwite nani?